Nuru Haiji: Viambishi Vilivyonichezea Kairo

Sentensi iliyonisumbua kuliko zote nilipokuwa Kairo ina maneno mawili tu: "in-nur hayigi". Mmisri akikuambia hivyo anakupa habari njema, kwamba umeme unakaribia kurudi. Nuru itakuja. Mtu wa Tanga akiisikia juu juu, tena akiwa amechoka, anasikia "nuru haiji". Maneno yanafanana, maana zinapingana, na ugomvi wote umeletwa na silabi moja ya mwanzo: ha-.

Naandika kwa ajili ya wale wanaojiandaa kwenda Misri au nchi za Kiarabu za Ghuba wakiamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba Mswahili aliyepita chuoni, chuo cha Kurani, ameshamaliza nusu ya kazi. Nilikuwa na Juzuu Amma yote, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, kichwani kabla sijaanza darasa la nne. Nyumbani walinisindikiza kwa maneno ya kunitia moyo: "Wewe Kiarabu unacho, utafika tu na kuendelea." Na kweli, wiki za mwanzo zilinipa kiburi. Sokoni nikasikia samaki, sukari, sabuni. Kwenye daladala zao nikasikia dakika, saa, safari. Nikajiona nipo nyumbani kwa shangazi.

Tatizo likaanza nilipofungua mdomo. Mimi nilikuwa na Kiarabu cha msikitini na vitabuni, wao barabarani wana chao, wanachokiita ammiya. Nikisema "atakuja" kwa Kiarabu changu natanguliza sa-, ile ile tunayoisoma katika sura ya Tabbat: "sayasla naran dhata lahab", ataingia moto wenye miali. Muuza duka ananitazama kwa upole kama anamsikiliza msomaji wa taarifa ya habari, halafu anatabasamu. Anaelewa kila kitu, ila mtaani hakuna anayesema sa-. Wanasema ha-. Hayishrab, atakunywa. Hayiktib, ataandika. Haruh, nitakwenda.

Hilo nililijua. Mwalimu alilieleza darasani mapema kabisa na nikaliandika daftarini kwa wino mwekundu. Kujua darasani ni jambo moja, kusikia ngazini gizani ni jambo jingine.

Wanaoikumbuka Misri ya kiangazi cha 2023 wataelewa. Kuanzia Julai mwaka huo umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, kwa sababu joto lilipanda na gesi ya kuendeshea mitambo haikutosha. Juni 2024 zamu zilirefushwa hadi kufikia saa 3 kwa siku. Umeme ukikatika, lifti nayo imelala, na sisi tulipanga ghorofa ya juu. Siku moja nimerudi na mfuko wa mchele na kreti ya maji, nakuta jengo zima kiza. Bawabu yupo kwenye benchi lake. (Bawabu wa Kairo ni zaidi ya mlinzi: anapokea mizigo, anakusanya pesa za maji, anajua nani kagombana na nani.) Nikamuuliza, "Ya amm, in-nur?" Akanijibu kwa utulivu, "In-nur hayigi dilwa'ti, ya ibni."

Itazameni hiyo sentensi kwa sikio la Mswahili. Nuru ipo. "Dilwa'ti" ina wakati ndani yake, maana yake "wakati huu", sasa hivi. Kwa hiyo sikio langu, likishapata maneno mawili ya nyumbani, likahamia nyumbani moja kwa moja na kulisoma lile la katikati kwa Kiswahili: nuru haiji sasa. Nikamshukuru, nikapandisha mchele na maji kwa ngazi. Nilikuwa nimevuka zaidi ya nusu nikihema taa zilipowaka, na lifti ikapita mbele yangu na jirani ndani yake.

Hiyo ilikuwa ya kucheka. Ya ofisini haikuwa ya kucheka. Nilikwenda kushughulikia karatasi za ukaazi, nikiwa na tarehe ya mwisho inayonikaribia. Karani akasema, "Il-mudir hayigi." Wazee wa Unguja wanalikumbuka neno mudiri, yaani mkuu, tangu enzi za mudiria, kwa hiyo nalo halikuwa geni kwangu. Nikasikia: mudiri haji. Nikaondoka. Mudiri akaja, akasaini karatasi za wote waliosubiri, na mimi niliporudi tarehe ilikuwa imeshapita. Nililipa faini. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni aibu ya kumweleza mwenzangu sababu: mtoto wa chuoni, mwenye Juzuu Amma kichwani, kashindwa kutofautisha "atakuja" na "haji".

Baada ya hapo nilikaa nikajiuliza kwa nini ni kitenzi hiki tu kinachonipiga chenga. "Hayishrab" haijawahi kunichanganya. "Hayishtaghal", atafanya kazi, pia haijawahi. Jibu nililipata mwishoni mwa neno, si mwanzoni. Kiswahili hakikanushi wakati uliopo kwa ha- peke yake. Anasoma, hasomi. Analala, halali. Anakuja, haji. Tunaweka ha- mbele, na vitenzi vyetu vya asili tunavigeuza irabu ya mwisho kuwa -i. Sikio la Mswahili linasubiri vyote viwili. "Hayishrab" inaishia na b, sikio linakataa. "Hayigi" inaishia na i, sikio linakubali na kugonga muhuri. Nikaanza kuvihesabu vile vyenye tabia hiyo: hayimshi, ataondoka, hayishtiri, atanunua, hayigri, atakimbia. Hivyo ndivyo vya kuchunga. Ukimkuta Msyria, na Kairo wapo wengi, hasa kule mji wa Sitta Oktoba kwenye mikahawa yao, hali inazidi kuwa mbaya kwa sababu wao hawasemi g. Wanasema "ha yiji", yaani karibu kabisa na "haiji" yetu.

Dawa iliyonisaidia ni hii. Kiarabu cha Misri kikikanusha kitenzi, karibu kila mara kitakuonyesha sh. Ama "mish" mbele, "mish hayigi", hatakuja. Ama ma- mbele na sh nyuma, "magash", hakuja. Kwa hiyo acha kuisikiliza ha-. Sikiliza sh. Hakuna sh, hakuna kukanusha. Sheria hii si ya wanazuoni, ni ya mtu aliyechoka ngazini, lakini haijaniangusha.

Ha- haikuwa peke yake. Rafiki yangu wa darasani alikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni na kuuliza, "Nimshi?" Mimi nikasikia ni-, nikajua anasema habari zake: niondoke? Nikawa namjibu "maa salama", kwaheri, na kubaki nimekaa. Yule bwana alivumilia kwa muda, mwishowe akauliza kama nina neno naye, maana kila akinialika twende namfukuza. Kwao ni- ya mbele ni "sisi". Nimshi, twende? Nishrab shai, tunywe chai? Nilipomsimulia Mtunisia mmoja tuliyesoma naye alicheka, kwa sababu kwao Tunisia "nimshi" ni "naenda", mimi peke yangu, na wakiwa wengi wanaongeza u mwishoni: nimshu. Ndivyo ilivyo pia Libya, Algeria na Moroko. Yaani Mswahili anayeisikia ni- kama "mimi" amekosea Kairo na kupatia Tunis, tena kwa bahati tu.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hazina niliyokuwa nikiitafuta nilikuwa nayo tangu utotoni, ila niliihifadhi bila kuifungua. Katika Fatiha tunasema "iyyaka na'budu". Katika Qul ya ayyuhal-kafirun tunasema "la a'budu ma ta'budun". Kitenzi ni kimoja, kilekile tulichokichukua sisi tukakifanya -abudu. Tofauti ni herufi ya mbele: a'budu ni mimi, ta'budun ni nyinyi, na'budu ni sisi. Sasa zisome hizo kwa Kiswahili uone vurugu. A- kwetu ni yeye. Ta- kwetu ni wakati ujao. Na "naabudu" kwa Mswahili wa pwani ni mimi ninayeabudu, si sisi. Miaka yote nimeisoma aya hiyo na tafsiri yake naijua, lakini sikuwahi kuuliza "sisi" imekaa wapi ndani ya neno. Kwa yeyote mwenye sura fupi kichwani, ushauri wangu ni kuanza na hizo kabla ya kununua kitabu chochote cha sarufi. Chukua kitenzi kimoja, kitafute katika sura zote unazozijua, ukipange kwa mwanzo wake.

Nyumba tuliyopanga ilinisaidia kuliko darasa. Tulikuwa mchanganyiko: Mnigeria anayesema Kihausa, kijana wa Zimbabwe, na jirani Mmisri aliyekuwa akisoma Kiebrania chuo kikuu, maana vyuo vyao vina idara za lugha hiyo. Nilipowasimulia mkasa wa mudiri kila mtu akatoa chake. Kwa Kiebrania, akasema jirani, ha- ni ya kutambulisha kitu kinachojulikana: bayit ni nyumba, habayit ni ile nyumba, kama il- ya Kiarabu cha Misri. Kwa hiyo mezani pale silabi moja ilikuwa na kazi tatu: kwangu inakanusha, kwa bawabu inaahidi, kwa Kiebrania inaonyesha kidole.

Mzimbabwe ndiye aliyenifumbua macho. Kwa Kishona, akasema, "sitaki" ni "handidi", na "hatutaki" ni "hatidi". Nikamwomba arudie. Kitenzi chao ni kuda, kutaka. Ha- mbele, na -a ya mwisho imegeuka -i! Kununua kwao ni kutenga. Sinunui ni handitengi. Hapo sasa kuna undugu. Sikusadiki kwa sababu ya ha- peke yake, nilisadiki kwa sababu mfumo mzima ulikuwa umekaa mahali pake: ha- mwanzo, nafsi katikati, mzizi, -i mwisho. Hata pale tunapoachana inaeleweka, kwamba wao wanaendelea na ha- hata kwa "mimi", sisi tumeweka si-.

Mhausa naye akaleta ma-. Kulima kwao ni noma, mkulima ni manomi. Karanta ni kusoma, makaranta ni shule. Mimi kila nikisikia ma- natafuta wingi: makaranta, je, ni mengi? Hapana, ni moja. Kihausa na Kiarabu ni ndugu wa mbali, na ma- ya mahali unaiona pia katika madrasa na maktaba. Sisi tuliyachukua maneno hayo mazima mazima, ma- ikaingia nchini bila kazi yake. Hakuna Mswahili anayechukua kitenzi "soma" akasema mahali pa kusomea ni "masoma". Tunasema masomo, na hiyo ma- ni yetu wenyewe.

Hili nadhani ndilo la msingi, na ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda ndege. Kiswahili kimekopa maneno mengi mno ya Kiarabu, lakini viungo vya mbele vya kitenzi hakikuvikopa. Fikiri tumeichukua, anafikiri, hafikiri, tutafikiri, hizo za mbele zote ni za Kibantu. Ndiyo maana uzoefu wa maneno unadanganya. Unasikia nur, mudir, waqt, unatulia, na utulivu huo ndio unaoufungulia mlango usomaji wa Kiswahili katika sehemu ambayo hakuna kitu cha Kiswahili. Mwenzangu Mjapani darasani hakuwa na tatizo hili hata kidogo. Hakuwa na neno hata moja la kumtuliza.

Nikirudi nyumbani kwa likizo huwa nakutana na wale mabingwa wa makundi ya WhatsApp wanaothibitisha kwamba Kiswahili ni Kiarabu, au Kiebrania, kwa kulinganisha silabi. Wana orodha ndefu. Siku hizi nawajibu kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko. Kwa Kinahuatl ni- ni "mimi". Nicochi, ninalala. Ni- yao na ni- yetu zinafanana sauti na maana pia, zote zimekaa mwanzo wa kitenzi, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema Waazteki walitoka Bagamoyo. Silabi fupi za konsonanti moja na irabu moja si nyingi. Kiswahili kina irabu 5 na konsonanti ishirini na ushei, kwa hiyo silabi za namna hiyo hazizidi mia na kidogo. Lugha za dunia ni maelfu, na zote zinachota humo. Ajabu ingekuwa zisigongane.

Tena tusiende mbali. Hata ndani ya Kiswahili silabi moja ina kazi nyingi na hatuoni taabu. "Hakukukuta", hakukukuta nyumbani jana. Ina ku tatu zimefuatana. Ya kwanza inasema jambo halikutokea, ya pili ni wewe, ya tatu ni kipande cha mzizi wa kuta. Mtoto wa miaka minne haulizi ku ina maana gani. Anajua kwa mahali ilipokaa. Nilipoacha kuuliza "ha- maana yake nini?" na kuanza kuuliza "katika nafasi hii, mwenyeji angeweza kuweka nini kingine?", mambo yakaanza kunyooka. Pale mbele ya yigi Mmisri anaweza kuweka ha- (atakuja), anaweza kuweka bi- (huja), anaweza kuacha wazi (aje). Nilijifunza hizo tatu kwa pamoja, kwa sauti, kwa kila kitenzi kipya, na sikuandika tena kiambishi chochote daftarini kikiwa peke yake.

Jambo jingine lililosaidia kumbukumbu ni kujua ha- hiyo ilizaliwaje. Inaelezwa kwamba imetokana na rayih, "anayekwenda", ikafupishwa kuwa rah, kisha ikabaki ha-. Kwetu -ta- imetokana na taka: bado unaiona nzima tukisema "atakayekuja". Basi Mmisri anakwenda kufanya, Mswahili anataka kufanya, wote wawili wameishia na silabi moja. Tangu nilipolijua hilo, nikisikia hayigi namwona mtu yuko njiani anakuja.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi Doha, na nilikwenda kifua mbele. Ammiya ya Kairo nilikuwa nayo sasa, hakuna wa kunibabaisha. Wiki chache tu, mwenzangu Mqatari akaniambia kuhusu mgeni wetu wa siku ile, "Baruh il-matar." Kairo sentensi hiyo ni ya mazoea: huwa nakwenda uwanja wa ndege. Nikaona ananisimulia kazi yake tu, kwa hiyo nikachukua teksi nikaenda kumpokea mgeni mwenyewe. Tulikutana watatu pale, mgeni na wapokezi wawili, na nauli ya teksi hakuna aliyenirudishia. Katika Ghuba b- ni ya wakati ujao: nitakwenda. Wataalamu wanaihusisha na kitenzi chao cha kutaka, yaani njia ileile iliyotupa sisi -ta-. Lugha ni moja, Kiarabu, herufi ni moja, nchi mbili, na kazi si moja. Nilikuwa nimejifunza kutoiamini ha- nikasahau kwamba hata kwa ndugu wa damu b- nayo hubadilika.

Kwa hiyo anayetoka Misri kwenda Ghuba asijipe moyo kama nilivyojipa. Tenga muda mwanzoni wa kusikiliza tu vile vya mbele, kabla ya kuongeza msamiati. Mtafute mtu mmoja mwenye subira, si lazima awe mwalimu. Wangu alikuwa dereva wa Kisudani, na hao nao wanatumia ha- na bi- karibu kama Wamisri, kwa hiyo aliniambia palepale kipi ni chao na kipi ni cha Waqatari. Na kwenye jambo lenye pesa au tarehe ndani yake, usiridhike na jibu la kitenzi kimoja. Kairo uliza, "Hayigi walla mish hayigi?", atakuja au hatakuja, ili alazimike kukupa sh au kuiacha. Kisha ongeza "imta?", lini. Ukifika Doha sema "mita?", na usidhani wanataja urefu, hawataji. Atakayekutajia saa, msubiri.